Asilimia peke yake haitoshi
Mwandishi wa makala ya kiharusi kaeleza vizuri lakini pale aliposema mshipa wa shingo, ule unaopeleka damu ubongoni, ukiwa haujafika kuziba asilimia 70 basi mtu asiwe na wasiwasi, hapo mimi simo. Hiyo 70 ilipata nguvu na utafiti wa NASCET wa 1991, ule wa Amerika Kaskazini wa upasuaji wa mshipa wa shingo, na ilikua inapima njia ya damu imebana kiasi gani tu, tena kwa watu washapata dalili za kiharusi. Je hayo mafuta yenyewe yaliyoganda ndani ya mshipa yakoje? Maana kuna yaliyokua magumu yametulia miaka, na kuna yale laini, juu yana utando mwembamba kama wa maziwa yaliyochemka, ukipasuka damu inaganda palepale na kipande kinapanda ubongoni.

Ami yangu hapa Lamu mkono ulimfa ganzi kama robo saa ukarudi, akasema uchovu, akenda zake kunywa kahawa!! Alipokuja kupimwa akaambiwa mshipa umeziba nusu tu rudi nyumbani, haikufika miezi 3 kiharusi kikamwangusha.

Emarai (MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku) inaonyesha mpaka damu iliyovuja ndani ya hayo mafuta, inang'aa nyeupe, na hiyo ndo ya kuogopa. Najua kwetu visiwani emarai ni boti mpaka Mokowe kule bara kisha basi na pesa juu, ila hata ultrasaundi si ya kudharau, mulizeni anayepima kama yale mafuta yaonekana meusi au meupe, meusi mara nyingi ndo laini.