Maghorofa ya vijana Dar yaanzie kwenye kodi ya mwezi

Kila bango jipya la mradi wa maghorofa Dar es Salaam nalisoma kuanzia chini, kwenye masharti ya malipo. Mengi yanauza. Lakini muuguzi wa mkataba, fundi simu wa Kariakoo au karani aliyeanza kazi juzi hatafuti nyumba ya kununua. Anatafuta mlango unaofungika, choo kisicho na foleni, na kodi anayoweza kuitoa kwenye mshahara wa mwezi. Anachokuta mtaani ni mwenye nyumba anayetaka miezi sita kwa mkupuo, na dalali anayetaka wa kwake juu. Hajapokea hata mshahara wa kwanza, tayari anadaiwa miezi saba.

Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao ni vijana. Tukiendelea kusambaa kuelekea Chanika na Bunju, tutawapa nauli na saa za foleni badala ya makazi. Kwa hiyo naunga mkono kujenga kwenda juu, tena kwa moyo wote. Ninachotaka tukiangalie ni namna ya kwenda juu.

Magomeni Kota ni mfano mzuri. Kaya 644 zilizoondolewa kwenye nyumba chakavu zilijengewa maghorofa palepale, yakazinduliwa mwaka 2022. Mtu amebaki karibu na soko, hospitali na barabara ya Morogoro yenye mabasi ya mwendokasi. Linganisha na mji wa Dege kule Kigamboni: nyumba zaidi ya 7,000 zilipangwa, mbali na ajira za watu, na ujenzi ukasimama majengo yakiwa magofu. Kijana wa kipato cha chini hawezi kuokolewa na nyumba nafuu ambayo kila asubuhi inamdai nauli ya kwenda na kurudi.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe, maana hapa ndipo fedha zinapopotea. Urefu una gharama isiyoisha siku ya uzinduzi: lifti, jenereta ya kuiendesha umeme ukikatika, pampu ya kupandisha maji kwenye matangi, mafundi wa kuvitunza vyote. Yote hayo huishia kwenye kodi. Ningependekeza jengo la ghorofa tisa hivi, ambalo lifti yake inasimama kila baada ya ghorofa tatu. Anayekaa katikati anapanda au kushuka ngazi ya ghorofa moja tu, na kijana hilo haliwezi kumshinda. Vyumba vya ghorofa za kusimamia lifti wapewe kwanza wenye ulemavu na wajawazito. Milango ya lifti inapungua, na vituo vya kuharibika pia.

Kwenye ghorofa hizohizo za lifti ndipo ningeweka uani. Tumekulia kwenye nyumba ya Kiswahili: vyumba pande mbili, korido katikati, nyuma uani penye jiko, kamba za nguo na mazungumzo. Muundo huo umewalea wapangaji wa jiji hili kwa vizazi, na wasanifu wetu wanaufukia kana kwamba ni aibu. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa choo, maji na Luku, yaani mita ya umeme, ya pamoja. Basi kila chumba kipewe choo chake, bafu lake na mita yake ya Luku, hata kikiwa na mita za mraba 16 tu. Jiko kubwa, sehemu ya kufulia na baraza la kukaa viwe vya pamoja, kwa vyumba vya ghorofa tatu. Mtu aliyetoka Songea au Bukoba peke yake atapata majirani wa kumgongea akiugua. Hilo nalithamini kuliko marumaru.

Joto nalo lifikiriwe mapema. Dar tuna pepo za kusi na kaskazi bure. Jengo jembamba, lenye pande zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini, likiwa na korido ya wazi upande mmoja na madirisha upande wa pili, linapitisha upepo chumba kizima na kulikwepa jua la jioni. Ukuta wa vioo tunaouona ukipanda kila mahali unamlazimisha mpangaji kununua kiyoyozi, kisha unit za kukilisha.

Chini, tuache kupanga maegesho ya magari ambayo vijana hawana. Pawe na sehemu salama ya kufungia bodaboda na baiskeli, stoo ya mitungi ya gesi, na fremu za maduka. Kodi ya fremu hizo ilipe lifti.

Mwekezaji binafsi atasema hesabu haifungi bila kuuza, na kwenye kiwanja alichokinunua kwa bei ya soko ana haki. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962 na lina viwanja katikati ya jiji. Litenge kimoja, Ilala au Upanga, lijenge jengo moja la namna hii, lisiuze hata chumba. Mkataba uwe wa mwaka, malipo yawe ya mwezi kwa simu, dhamana isizidi mwezi mmoja, na majina yapatikane kwa droo ya wazi ili dalali asipate pa kuingilia.