Bahasha iliyoandikwa "1×1 usiku"

Mara ya kwanza nilipopewa dawa ya sonona, maelezo yote yalitosha kwenye bahasha ndogo ya kaki: jina langu likiwa limekosewa herufi moja, "amitriptilini 25 mg", na chini yake "1×1 usiku". Kijana wa dirisha la dawa alinisogezea bahasha, akaita jina linalofuata. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na siku zile sikuwa na nguvu ya kumuuliza mtu hata saa. Nikaondoka.

Naandika haya kwa sababu kuna jambo naliamini kwa moyo wote: dawa hii ikitolewa bila maelezo, haijatolewa yote. Dakika tano za kuzungumza na mgonjwa ni sehemu ya dozi. Mimi nilipewa nusu, na ile nusu nyingine nilikuja kuilipia karibu mwaka mzima.

Sisi tumezoea dozi za siku. Dawa ya mseto ya malaria siku tatu, antibayotiki siku tano au saba, na tangu utotoni tunaambiwa maliza dozi. Dawa ya sonona haiendi hivyo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, kwa wengine hata sita, lakini maudhi yake hayasubiri. Siku ya nne mate yalinikauka mpaka ulimi ukawa unanata kinywani. Choo kikawa kigumu. Usiku wa sita niliamka kwenda msalani, nikasimama ghafla, giza likanijaa machoni, nikajikuta nimeng'ang'ania kizingiti cha mlango kwa mikono miwili nikisubiri sakafu itulie. Nilidhani ndiyo nakufa. Kumbe amitriptilini huweza kushusha presha pale mtu anapoinuka, na cha kufanya ni kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, utulie kidogo ndipo usimame. Ni sentensi moja tu, na hakuna aliyeniambia.

Nilivumilia. Wiki ya tano chakula kikaanza kurudi ladha. Jioni moja nilimsikia mama akicheka jikoni na majirani, nikatoka chumbani kwenda kusikiliza wanacheka nini. Kwa miezi kadhaa sikuwa nimefanya hivyo. Mwezi wa tatu nikajiona mzima, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Nikasema nitafunga, na mtu aliyepona anameza dawa ya nini? Nikaacha siku moja, hivihivi, vidonge vikiwa bado vipo.

Siku mbili tatu hazikupita, nikapata kichefuchefu, jasho, usingizi ukakatika, na nikibahatika kusinzia naota vitisho. Nikaamini maneno ya mtaani kwamba dawa hizi humfanya mtu teja. Mwezi na kitu baadaye sonona ilirudi, nzito kuliko ya mwanzo.

Hapo ndipo nilipopata daktari aliyenieleza. Mama wa makamo, ana sauti ya taratibu. Aliniambia teja huitamani dawa na kila siku hutaka zaidi, mimi sikuitamani. Mwili ulikuwa umeizoea, ukanyang'anywa ghafla, ukalalamika. Ndiyo maana hupunguzwa kidogokidogo, kwa muda usiopungua wiki nne, tena daktari akijua. Na huko kupunguza hakuanzi siku unayojisikia vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulitaka mtu aendelee na dawa kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Kuhusu funga, alishangaa kwamba sikuuliza. Kidonge kimoja cha usiku hakigombani na saumu. Unafuturu, unaswali, unameza, unalala.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, kuna siku unatamani usiwepo?" Nikajibu ndiyo. Hakushtuka wala hakunikemea. Aliniomba ruhusa amwite mama yangu aliyekuwa kwenye benchi nje, akatueleza wote wawili. Amitriptilini ikizidi mwilini ni hatari kubwa kwa moyo, kwa hiyo alinibadilishia, akanipa fluoksetini 20 mg, kidonge kimoja kila asubuhi. Alitoa za wiki mbili tu, turudi tuonane, na akataka dawa akae nazo mama. Mama alizitia kwenye sanduku lake la kanga, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga aliyovaa. Kila asubuhi alinipa kimoja na kikombe cha chai, akasimama hapo mpaka nimeze. Sikuwahi kuona kama ananichunga. Nilijiona nina mtu.

Nilikuwa na miaka 23. Naitaja kwa sababu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa hizi ziwekewe onyo kali kwamba mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa baadhi ya watoto na vijana wanaozitumia, hasa mwanzoni au dozi inapobadilishwa. Mwaka 2007 onyo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Sisemi hivi kumtisha kijana asitumie. Sonona isiyotibiwa nayo inaua. Nasema kwa sababu wale wa nyumbani wanapaswa kujua cha kutazama: akianza kutotulia, kukasirika ovyo, kuaga watu, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Arudishwe vilevile akibadilika upande wa pili, halali, anaongea mfululizo, anatapanya pesa, anajiona hashindwi na lolote. Hiyo inaweza kuwa aina nyingine ya ugonjwa, na hutibiwa kwa njia nyingine.

Jirani yetu, mtu mzima mwenye kisukari, aliwahi kuona bahasha yangu ya zamani akacheka: "Hizi si zangu? Mimi nameza kwa miguu kuwaka moto." Ni kweli. Amitriptilini kwa dozi ndogo hutibu maumivu ya neva, na huenda nusu ya wanaoimeza mtaani kwetu hawajawahi kuwa na sonona. Ubaya ni kwamba tunaanza kuazimana kama chumvi. Mwenye tatizo la moyo, presha ya macho au tezi dume anaweza kuumia kwa kidonge ambacho kwa jirani ni salama. Ukiishiwa, rudi ulikoandikiwa. Ukisahau cha jana, cha leo kinabaki kimoja.

Kinachonisikitisha zaidi ni ukimya. Ukitaja dawa ya akili watu wanataja Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, kwa hiyo mgonjwa anaficha, na anayeficha hasemi hata mahali anapotakiwa kusema. Anaumwa mgongo, mtu anampa tramadoli. Ikikutana na fluoksetini anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kupata homa na kuchanganyikiwa, na hapo ni dharura. Anameza diklofenaki wiki nzima, hajui kwamba ikiwa pamoja na fluoksetini hatari ya kutokwa damu tumboni huongezeka. Anapimwa malaria, anapewa mseto. Lumefantrini iliyomo humo inaweza kupandisha kiwango cha amitriptilini mwilini, na mapigo ya moyo yakavurugika. Malaria lazima itibiwe, hilo halina mjadala. Ila mtabibu akijua unachomeza atachagua au atakufuatilia. Hata dawa za mitishamba, zitaje. Kisomo tulifanya na sisi nyumbani, na daktari alipoambiwa alisema endeleeni, mradi dawa hamkatishi.

Najua madirishani watumishi ni wachache na foleni ni ndefu. Sitaki kumtwika kijana yule mzigo wa nchi nzima. Lakini tunaweza kudai kidogo. Juzi nilipokwenda kuchukua za mwezi, nilimwomba aliyekuwa dirishani ageuze bahasha aniandikie nyuma. Aliniangalia, akachukua kalamu: "Asubuhi, baada ya chai. Usiache mwenyewe. Usichanganye na tramadoli wala pombe. Ukijisikia vibaya rudi kabla ya tarehe." Haikuchukua hata dakika mbili.

Mzee aliyekuwa nyuma yangu alisogea dirishani, akaiweka bahasha yake juu ya ile ya kwangu. "Na mimi, kijana wangu," akasema. "Niandikie na mimi."