Kompyuta Inayosema Yasiyo na Maana

Juzi usiku niliunganisha kompyuta na bando la simu ili nitume ripoti ya kurasa 4, na kabla barua pepe haijaondoka ukaingia ujumbe kwamba data imekwisha. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, ulikuwa ukipakua masasisho kimyakimya, bila hata alama ndogo kwenye kona ya skrini. Kilichonidokeza ni feni tu, iliyoanza kuvuma kama mashine ya kusaga.

Ajabu ni kwamba mfumo huohuo si bubu. Hupiga mlio na kufungua kisanduku kunijulisha kwamba ukaguzi wa virusi umekamilika na hakuna kilichoonekana, au kwamba flashi niliyoichomeka kwa mkono wangu mwenyewe imechomekwa. Lakini unapotafuna bando langu, au unapopanga upya faharasa ya mafaili, yaani orodha yake ya kuyatafutia, hadi kishale kikaganda, hausemi neno. Ukisema, umeshachelewa: "Usizime kompyuta", asilimia 30, ambayo hukaa palepale dakika 20, kisha ikaruka ghafla.

Kompyuta nyingi za zamani zilikuwa na kitaa mbele ya kasha kilichomemeta kila diski ilipofanya kazi, na hata mtoto alielewa kwamba ndani kuna shughuli. Leo inanibidi nipekue orodha ndefu ya michakato yenye majina yasiyosomeka, nikimtafuta mlaji. Mpangilio wa kuuambia mfumo kwamba mtandao ni wa kulipia kwa kipimo, ili upunguze kupakua, upo, nakiri, ila umezikwa chini ya kurasa kadhaa za mipangilio, nami niliugundua bando likiwa limekwisha.