Sikuuzwa Mia Tano

Mmeshasikia kwa rafiki yangu kwamba Jumamosi nilikalia sufuria la maharage, kisha nikauzwa mnadani kwa mia tano. Kwanza kabisa: sikuuzwa mia tano. Niliuzwa elfu tatu, na mashahidi wapo. Yule rafiki yangu aliyewawahisha habari wakati suruali yangu bado inachuruzika maji ana ugomvi na hesabu tangu tukiwa darasa la tatu, msimsikilize. Halafu sikukalia sufuria la maharage. Maharage yalikuwa jikoni yanatokota, na kama ningeyakalia, saa hizi ningekuwa wodini kifudifudi, si hapa nawaandikia. Lilikuwa beseni la kuoshea vyombo. Maji ya baridi. Naomba tofauti hiyo iheshimiwe.

Mnaonifuata mnajua Jumamosi zangu. Elfu kumi mfukoni, Dar es Salaam nzima. Nimeshakula mihogo ya Coco Beach na kachumbari yake, nikapigwa na upepo bure kabisa. Nimeshatembea Posta kuanzia Sanamu la Askari, lililosimama pale tangu 1927, nikaenda mpaka Makumbusho ya Taifa, nikamalizia Kariakoo na kahawa ya kikombe kidogo na kashata. Pweza nimemla kwa kijiti jioni hadi muuzaji ananihesabia bila kunitazama. Sharti ni moja tu: kila mtu aje na elfu kumi yake. Ndiyo, hata akiwa mgeni. Ndiyo, hata akiwa ni dada mmoja wa ofisi ya jirani ambaye nimemsalimia miezi minne ndipo akakubali kutoka. Mlishanisema sana kwa hilo, leo niacheni, nina maumivu mengine.

Safari hii ilikuwa Feri, soko la samaki pale kwenye kivuko cha Kigamboni. Dada alisema amekaa Dar miaka sita na Feri anaijua kwa kupita tu, akienda kupanda pantoni. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ubingwa. Rafiki yangu naye akajialika. Kosa la kwanza.

Nikawazungusha sokoni kama mwenye soko. Nikawaeleza kwamba samaki hachaguliwi kwa ukubwa, anachaguliwa kwa macho: yakiwa yamejaa na yanang'aa, chukua, yakiwa yamezama, huyo ni wa jana, mwache aende zake. Fungua mashavu, tazama kama ndani ni mekundu. Tukasimama mnadani. Kama hujawahi kuusikia mnada wa Feri asubuhi, nenda, ni burudani isiyo na kiingilio. Dalali anasimama juu ya mzigo, anaimba bei, wachuuzi wanajibu kwa kidevu au kwa kidole, na wewe ukijikuna sikio vibaya unarudi nyumbani na beseni zima la vibua. Dada alicheka sana. Mimi nikawa nimevimba. Kumbukeni huo mnada.

Tukahamia kwa mama ntilie mmoja pale pembeni. Simtaji, maana mama wa watu hana kosa lolote na wali wake mnaweza kuuota usiku. Kulikuwa na kiti cha plastiki kimoja, nikampa dada. Rafiki yangu akapata ndoo iliyogeuzwa. Mimi nikakaa kwenye fomu.

Sasa hiyo fomu naomba tuelewane. Ni ubao mrefu mmoja, miguu miwili, na fundi aliyeitengeneza aliisogeza ile miguu katikati, sijui alikuwa anabana mbao. Mwisho wa huku na mwisho wa kule vinaning'inia. Upande wa kule alikaa baba mmoja mpakuzi wa samaki, pande la mtu, amevaa buti za mpira, anakula ugali kwa utulivu wa mtu ambaye kazi yake ya siku imeisha saa tatu asubuhi. Katikati vijana wawili. Mimi mwisho wa huku, ukingoni kabisa, kwa sababu nilitaka niwe karibu na kile kiti cha plastiki. Nyuma yangu, hatua moja, binti mdogo wa mama alikuwa kwenye kigoda anaosha vyombo. Nilimwona wakati nakaa. Nilimwona na beseni nililiona. Sina cha kujitetea.

Sahani ikaja. Wali, kibua wa kukaanga, tembele, maharage pembeni, chachandu, kipande cha ndizi mbivu. Elfu tatu. Nikaishika mkononi, maana meza ilishajaa, nikaanza somo. Nikamwambia dada, "Ukitaka kujua mama ntilie mzuri, usitazame kibanda. Tazama wanaokula. Ukiona wachukuzi na madereva, kaa. Wale hawana muda wa kula chakula kibaya." Vijana wawili wa katikati wakamaliza, wakainuka, wakaondoka. Mimi naendelea. "Cha pili," nikasema, tonge liko hewani, "ni kujua wapi pa kukaa."

Naapa hayo ndiyo maneno yenyewe. Wapi pa kukaa.

Yule baba akasimama kwenda kunawa.

Hapa ndipo rafiki yangu anaposema "akaanguka", neno moja, kisha anaenda kwenye vicheko. Hapana. Kuanguka ni jambo la haraka. Mimi nilishushwa. Kwanza nilihisi ubao unanisukuma kwa mbele chini ya mapaja, taratibu, kama mtu anayeniambia kwa adabu nisogee. Nikaona upande wa kule wa fomu unapanda. Nakumbuka niliwaza, "Ile fomu inapanda," kana kwamba ni fomu ya mtu mwingine. Halafu nikamwona dada, lakini alikuwa ameanza kuwa juu, mimi nikiwa chini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama basi linaondoka. Halafu sikumwona tena. Nikaona mbingu. Nikaona ukingo wa paa la bati, na juu yake kunguru mmoja, wale wa Feri waliokubuhu, ananitazama mimi, kisha anatazama kibua wangu, kisha mimi.

Kibua! Akili yangu yote, elimu yangu yote, ada alizolipa baba yangu, zikakusanyika sehemu moja: usimwage chakula. Mkono wa kulia nikaupandisha juu na ile sahani. Wadau, mwaka 1961 Mwenge wa Uhuru ulipandishwa kileleni Kilimanjaro. Jumamosi hii sahani ya wali ilipandishwa Feri kwa heshima ileile, tofauti ni kwamba aliyeibeba alikuwa anakwenda chini.

Chubwi.

Beseni lilinipokea kama lilipimwa na fundi cherehani. Makalio yote yaliingia, magoti yakaja kidevuni, miguu ikabaki inaelea nje, ndala moja ikaruka ikatua karibu na jiko. Maji ya sabuni ya unga yakapanda mgongoni mpaka kwenye ukosi, yamebeba majani ya tembele za watu. Chini yangu kikasikika kikombe kinavunjika. Kikombe kimoja. Rafiki yangu anasema vyombo vya nyumba nzima.

Ikawa kimya. Yule binti wa kuosha vyombo, sahani mkononi, povu mpaka kwenye viwiko, alinitazama. Tulikuwa uso kwa uso, maana sasa tulilingana kimo. Mtoto amelelewa vizuri. Alipokosa la kusema, akasema alichofundishwa kusema mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo."

Na mimi, nikiwa ndani ya beseni, mkono juu na wali, nikajibu, "Marahaba, hujambo?"

Hapo ndipo Feri yote ilipopasuka.

Nilijaribu kuinuka. Nani kati yenu amewahi kuinuka kutoka kwenye beseni kwa mkono mmoja? Kila nikisukuma, beseni linazunguka. Nikazungushwa nusu duara, sasa nikawa nawatazama wateja wapya waliokuja kuona. Na kumbe mnada ulikuwa umepumzika. Dalali yule yule, na sauti ile ile, akaja akasimama juu yangu, akatandaza mikono.

"Haya beseni zima hiloo! Elfu kumi!"

Elfu kumi. Bajeti yangu kamili. Sijui nani alimwambia. Namjua.

Kimya.

"Nane!" Kimya. Mchuuzi mmoja mama akainama, akanitazama usoni kwa makini, akasema, "Macho yamezama. Huyu wa jana." Mwingine akadakia, "Mfungueni mashavu tuone kama mekundu!" Nami niko pale, nasikia somo langu lote la asubuhi ninasomewa mwenyewe. "Sita! Tano! Jamani, ana mchuzi wake huyu, ana tembele!" Hapo ndipo kijana mmoja kwa nyuma aliposema mia tano. Alisema, sikatai. Lakini mnada hauishi kwa aliyesema, unaisha kwa aliyepewa.

Dada alikuwa ameinuka kwenye kiti chake cha plastiki. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikijua sasa naokolewa. Akaupita. Akaichukua sahani kwenye mkono wa kulia, taratibu, akaikagua. Haikuwa imemwagika hata punje. Akamwambia dalali, "Elfu tatu. Na samaki wa juu nimeshachukua."

"Imekwenda!"

Na akaanza kula. Mbele yangu. Kibua changu.

Yule baba wa buti ndiye aliyenitoa. Alinishika makwapani kama mtoto, akanivuta, na beseni likaja na mimi. Likang'ang'ania. Kwa sekunde kadhaa nilisimama Feri, hatua chache kutoka pantoni, si mbali na Ikulu, nikiwa nimevaa beseni la bluu. Kisha likaachia, po!, maji yakamwagikia buti zake. Akaniambia, "Samahani bosi, nilisimama bila kutazama." Sijawahi kuombwa radhi na mtu ambaye kosa lake ni kusimama. Nilitamani anitukane.

Yaliyofuata ni madogo madogo. Beseni lilipata ufa, nikalipa elfu tano; kikombe mama alinisamehe, akasema, "Mwanangu, wewe umeshalipa." Wali wangu nikalipa, ingawa sikuuonja zaidi ya tonge moja. Tukapanda pantoni, mia mbili kwenda, mia mbili kurudi, nikasimama ukingoni pande zote mbili nikaushwe na upepo, natoa povu. Kigamboni dada alininunulia dafu. Kwenye gari la kurudi abiria mmoja alinipisha kiti, alipoona hali yangu akakikalia tena haraka.

Sasa wale mnaopenda mahesabu, na najua mpo: chakula 3,000, beseni 5,000, pantoni 400, nauli ya kwenda na kurudi 1,500. Jumla 9,900. Nimebakiwa na mia moja. Bajeti haikuvunjika, na atakayesema beseni si sehemu ya matembezi aje na hoja.

Rafiki yangu amebadilisha jina la kundi letu, sasa linaitwa "Marahaba Hujambo". Sijajitoa, nasubiri wachoke. Jana dada amenitumia ujumbe akiuliza Jumamosi ijayo ni wapi, ili ajue kama abebe kiti. Nikamkumbusha kwa heshima zote kwamba kuna elfu tatu ya dalali hajailipa, na mzigo ukinunuliwa Feri hulipwa papo hapo.

Amejibu kwamba anasubiri kwanza mzigo ukauke.