Jina hulipendi: ulibebe au ulitue?

Wenye majina magumu wanakijua kile kimya. Mwalimu anaita rejista, majina yanateremka bila shida, mara anasita. Anainamia karatasi, midomo inajaribu silabi ya kwanza bila sauti. Mwenye jina ameshanyoosha mkono. "Ni mimi, mwalimu." Hajaitwa, lakini ameshajijua. Darasa linacheka kidogo, si kwa ubaya, na kazi inaendelea. Mtu anaweza kufika miaka arobaini akiwa bado anakinyooshea mkono kimya hicho: hospitalini, benki, uwanja wa ndege, hata siku ya mahafali yake mwenyewe.

Wenye majina mepesi nao wana lao. Darasani wako wanne wa jina hilohilo, basi mmoja anakuwa "mrefu", mwingine "mfupi", na wa nne anaitwa kwa jina la baba yake mpaka anamaliza shule. Kuna aliyerithishwa jina la bibi na kila mwaka anakumbushwa kwamba bibi alikuwa na adabu kuliko yeye. Kuna aliyeitwa Tabu au Mashaka kwa ajili ya mwaka mgumu ambao yeye mwenyewe hakuuona. Sababu hazifanani, ila swali wanalofikia ni lilelile: jina usilolipenda unalizoea, au unalibadili?

Wanaosema lizoee wana hoja, na wanaosema libadili wana zao. Ila kabla ya kuwasikiliza inafaa kujua jinsi jina linavyomwingia mtu, maana pande zote mbili huongea kana kwamba jina ni koti.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wachanga. Wakiwa na miezi minne na nusu tu, watoto hao walisikiliza jina lao kwa muda mrefu zaidi kuliko majina mengine, hata yale yenye mkazo wa sauti unaofanana na la kwao. Mtoto wa umri huo hajui kwamba jina hilo ni lake. Sikio lake limeshalichagua tu. Nyuma zaidi, mwaka 1959, Neville Moray wa Uingereza aliwavalisha watu vipokea sauti, sikio hili likipewa maneno ya kurudia kwa sauti, lile jingine maneno ya kupuuza. Yaliyopita sikio la kupuuza yalipotea karibu yote. Lakini jina lao lilipopenyezwa humo, takribani theluthi yao walilisikia.

Kisha kuna Jozef Nuttin wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1985 alionyesha kwamba watu wakiulizwa herufi wanazozipenda, bila kuambiwa kwa nini wanaulizwa, huziegemea zile zilizomo katika majina yao. Jambo hilo limeonekana tena katika lugha nyingi. (Wapo waliochupa mipaka: mwaka 2002 ilidaiwa kwamba akina Dennis huvutwa na kazi ya udaktari wa meno, kwa kuwa kwa Kiingereza daktari wa meno ni "dentist", neno linaloanza kwa sauti moja na jina lao. Mwaka 2011 Uri Simonsohn akaipasua hoja hiyo: jina likipendwa na kizazi kimoja, utalikuta kwa wingi popote kizazi hicho kilipo kazini. Mimi nilisikitika kidogo, maana habari yenyewe ilikuwa tamu.)

Kwa hiyo jina lilikuwa ndani kabla hujawa na maoni. Anayelichukia jina lake anagombana na kitu ambacho sikio lake mwenyewe linakipenda. Ndiyo maana malalamiko ya majina yana ukigeugeu. Mtu analisimanga jina lake mchana kutwa, halafu mwingine akilikosea, hata kwa herufi moja, anakasirika.

Sasa wale wa "lizoee". Hoja yao ya kawaida ni karatasi: vyeti vya shule, pasipoti, akaunti, hati za mali, vyote viko kwa jina lile, na karani mmoja anatosha kukuzungusha miezi. Ni kweli, lakini ni hoja ya uchovu. Hoja yao yenye uzito ni nyingine. Wanasema jina si mali ya mtu mmoja. Kuna waliolitafuta, wakabishana juu yake, wakamwita nalo mtoto hata kabla hajazaliwa. Tena huenda mwenyewe unalichukia kwa kutolijua.

Mfano wanaoweza kuutumia vizuri kabisa ni wa Muhammad Ali. Mwaka 1964, baada ya kutwaa ubingwa wa uzito wa juu wa dunia, alilitupa jina la Cassius Clay na kuliita jina la mtumwa. Lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe wa kwanza: Cassius Marcellus Clay wa Kentucky, mzungu, mtoto wa mmiliki wa watumwa, aliyewaachia huru baadhi ya aliowarithi na mwaka 1845 akaanzisha gazeti la kupinga utumwa katika jimbo lililokuwa na utumwa. Baba yake Ali alipewa jina la mtu huyo, kisha akampa mwanawe. Yaani jina lililotupwa kama la utumwa lilikuwa la mtu aliyeupinga.

Hoja hiyo inanifikirisha kila ninapoikuta, na bado nadhani Ali alikuwa na haki. Kwanza, Clay la ukoo lilikuwa jina la familia iliyomiliki watu, na wema wa mwana mmoja haukulifuta hilo. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, historia ya jina ni kitu kimoja na jinsi linavyosikika kwa anayeitwa nalo ni kitu kingine. Tarehe 6 Februari 1967, mjini Houston, Ali alipigana na Ernie Terrell, ambaye kabla ya pambano alikuwa aking'ang'ania kumwita Clay. Raundi zilikuwa 15, na Ali hakutaka kummaliza mapema. Alimpiga huku akimuuliza jina lake yeye Ali. Piga, uliza. Kwa Kiingereza aliuliza jina lake ni "nini". Kiswahili kingemfaa zaidi usiku ule, maana sisi huuliza "jina lako nani", kana kwamba jina lenyewe ni mtu. Pambano lilikuwa la kikatili na wapo waliolilaani, lakini anayesema jina ni neno tu alitazame kwanza. Magazeti mengi ya Marekani nayo yaliendelea kumwita Clay kwa miaka.

"Jina ni neno tu" ndiyo sentensi inayonichosha kuliko zote katika mjadala huu, na hutumiwa na pande zote mbili: huyu anasema ni neno tu, basi kwa nini ulibadili, yule anasema ni neno tu, basi kwa nini mnanizuia. Serikali katili hazijawahi kudanganyika hivyo. Mwaka 1938 utawala wa Nazi uliamuru Wayahudi wa Ujerumani ambao majina yao hayakutambulika mara moja kuwa ya Kiyahudi waongeze jina: wanaume Israel, wanawake Sara. Bulgaria, katika majira ya baridi ya 1984 na 1985, mamia ya maelfu ya raia wenye asili ya Kituruki walilazimishwa kuyaacha majina yao na kuchukua ya Kibulgaria. Utawala ulipoanguka, sheria ya mwaka 1990 iliwaruhusu kuyarudisha. Hakuna anayehangaika kiasi hicho kwa ajili ya neno tu.

Upande wa "libadili" una hoja moja ambayo sijaona ikijibiwa sawasawa: njaa. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika Boston na Chicago. Walituma wasifu wa kazi wapatao 5,000 wa watu wa kubuni, wakaugawia majina kwa bahati nasibu: mengine yanayosikika ya Kizungu, mengine ya Wamarekani weusi. Sifa zikiwa sawa, wenye majina ya Kizungu walihitaji kutuma takribani barua 10 ili wapigiwe simu mara moja. Wenzao walihitaji kutuma 15. Mwambie sasa huyo wa barua 15 kwamba jina lake ni urithi. Atakubali, kisha atakuuliza kodi inalipwa na nani.

Hapa ndipo wanaolitetea jina hupenda kusema tubadili waajiri, tusibadili majina. Sawasawa. Ila waajiri hawabadiliki kufikia Jumatatu ya usaili, na sioni kwa nini mtu mmoja asiye na kazi ndiye abebe bendera ya wote. Akijiita kwa herufi za mwanzo, au kwa jina la pili lililo jepesi zaidi kwa wale wanaomhoji, simwiti msaliti. Wala simsifu. Analipa ushuru ambao haukupaswa kuwepo.

Wengine wameulipa kisha wakaacha. Barack Obama alikua akiitwa Barry, jina lisilomsumbua mtu, na akiwa chuoni akaanza kutaka aitwe Barack. Hakubadili hati yoyote. Alilichukua tu lile ambalo muda wote lilikuwa kwenye cheti. Hilo ni badiliko la aina ambayo mijadala hii huisahau: mtu kurudi kwenye jina gumu kwa hiari yake, akijua kwamba sasa kila atakayekutana naye atauliza mara mbili. Na Nelson Mandela hakurudi wala hakuondoka. Rolihlahla alipewa na baba yake, Nelson na mwalimu siku yake ya kwanza shuleni, Madiba ni la ukoo, na yote yalimfaa kwa watu tofauti. Naona wengi wetu tunaishi hivyo, tukiwa na jina la ofisini, jina la nyumbani, na lakabu wanayoijua watu wanane tu duniani.

Mtoto ni kesi nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 7, unampa kila mtoto haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa. Haumpi haki ya kulipenda. Sheria za nchi zimejaribu kuliziba pengo hilo kwa njia mbalimbali. Ufaransa, tangu mwaka 1803 hadi 1993, majina halali yalipaswa kutoka kwenye kalenda na historia ya kale, ingawa kamba ililegezwa kadiri miaka ilivyokwenda. Iceland ina kamati ya majina tangu 1991, na moja ya masharti yake ni kwamba jina liweze kunyambuliwa kwa sarufi ya lugha yao. New Zealand, mwaka 2008 ilijulikana kwamba jaji alimweka msichana wa miaka tisa chini ya ulinzi wa mahakama ili apatiwe jina jipya. La zamani lilikuwa sentensi nzima kuhusu kucheza hula, ngoma ya Hawaii. Mtoto mwenyewe alikuwa amewaficha rafiki zake, akawaambia wamwite kwa herufi moja tu.

Miaka tisa, na ameshajifunza kuficha. Katika kesi ya namna hiyo sioni pande mbili. Mzazi ana haki ya kuchagua, hana haki ya kuchekesha kwa kutumia maisha ya mwingine. Lakini ukiacha vituko vya aina hiyo, napata shida na wanaotaka serikali ikae langoni. Jina linaweza kuharibika likiwa tayari mikononi mwako, na hakuna kamati ingeona mbele. Waulize akina Katrina baada ya kimbunga cha mwaka 2005. Waulize akina Alexa, ambao tangu mwaka 2014 jina lao linatumika kuamrisha kifaa kiwashe taa.

Kwangu mimi, mtu mzima akiamua kubadili, wazazi ni mashahidi tu, si waamuzi. Ila ningemwomba ajiulize swali moja kabla ya kwenda kula kiapo: ni jina linalomkera, au ni kinywa fulani kinacholitamka? Mimi langu nilichukia miaka mingi, na siku moja nikagundua kwamba kila nikilisikia vibaya kichwani, linakuja kwa sauti ya mtu mmoja niliyesoma naye. Alipohama shule, jina likaanza kupona lenyewe. Si kila jina hupona hivyo.

La rafiki yangu halikupona. Alibadili akiwa na miaka thelathini na mbili, kihalali, hati zote, na hajajuta hata siku moja. Kazini wengi hawajui kama aliwahi kuitwa jingine. Mama yake alijaribu jina jipya kwa wiki kadhaa, akawa analitamka polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe, kisha akachoka, akawa anamwita "mwanangu" tu. Nilikuwa nimekaa naye sebuleni jioni moja tunapanga safari, mama yuko chumba cha ndani anatafuta miwani. Akaita jina lile la zamani, kwa nguvu, bila kufikiri.

"Abee mama," rafiki yangu akajibu, na alikuwa ameshasimama.