Bagamoyo na maji yake mafupi

Historia ya Bagamoyo husimuliwa kama tanzia. Mji ulikuwa mkubwa, ukaachwa. Pembe za ndovu, minyororo ya watumwa, mwili wa mmisionari na mpelelezi Livingstone uliobebwa na watumishi wake akina Susi na Chuma hadi pwani mwaka 1874, Wajerumani, kisha kimya. Kwa maoni yangu, wasimulizi wengi wanaitazama Bagamoyo wakiwa wameipa bahari mgongo.

Nenda ufukweni siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Bahari imerudi nyuma mbali kabisa, ngalawa na mashua zimelala ubavu, na watu wanatembea kwa miguu mahali ambapo baada ya muda wa saa sita hutagusa chini. Tofauti ya kujaa na kupwa siku kama hizo hupita mita 3. Hakuna ghuba yenye kina mbele ya mji. Kaskazini unaingia mto Ruvu, unaoshuka na udongo kutoka milima ya Uluguru, na udongo huo ndio unaolisha matope na mikoko ya mwambao huu.

Kwa majahazi ya Unguja, ufuo wa namna hii haukuwa na kasoro. Jahazi liliingia na maji ya kujaa, likapwelewa, likapakuliwa na watu waliosimama kwenye maji ya magotini, kisha likaelea lenyewe na kwenda zake. Gati la nini? Unguja iko ng'ambo tu ya mkondo, na nyuma ya mji ilianza njia ya misafara ya Tabora na Ujiji. Ndiyo maana wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walianzia upande huu mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishusha pembe hapa na kupandisha vitambaa, shanga na waya. Watumwa nao walipitishwa hapa hapa, na hilo halina namna ya kulipamba.

Zikaja meli za moshi. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu, wakapigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, kuanzia 1888, wakamnyonga Pangani mwaka uliofuata, na ilipofika 1891 makao yakahamia Dar es Salaam. Watu hutafuta siasa nyingi katika uamuzi huo. Dar ina bandari ya asili yenye kina, iliyojificha upepo. Meli inaingia na kutulia. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na kazi ya misafara ya miguu ikawa imekwisha.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa pwani hii. Kaole, kilomita chache kusini, kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, na leo mikoko imesimama kati ya magofu na bahari. Mwambao wa matope haukai mahali pamoja, na miji yake huhama nao.

Wavuvi ndio hawakuhama. Jengo la forodha la Wajerumani bado liko ufukweni, na jirani yake samaki wanapigwa mnada: changu, kibua, dagaa, pweza, na kamba wakipatikana. Kamba wenyewe ni zawadi ya maji yale yale yaliyoifukuza serikali ya Kijerumani, maana wanakulia kwenye mikoko na midomo ya mito kabla ya kutoka baharini. Kaskazi ikivuma kuna kazi yake, kusi ikichafuka wengi wanavuta vyombo juu na kushona nyavu. Mgeni huzungushwa boma, misheni ya 1868 na Kaole, halafu soko la samaki analipitia kupiga picha, kana kwamba ni pambo la safari. Kwangu mimi hilo soko ndilo shughuli kongwe ya mji ambayo bado inaendelea, na lilistahili kuwa mwanzo wa matembezi, saa vyombo vinaporudi.

Nasema haya kwa sababu habari ya bandari kubwa ya Mbegani, jirani na Bagamoyo, haijafa. Makubaliano yalitiwa saini 2013 wakati Rais Xi Jinping wa China alipozuru Tanzania, jiwe la msingi likawekwa 2015, mradi ukasimamishwa 2019, na 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa. Sina ugomvi na bandari. Ila meli za makontena zinahitaji kina ambacho pwani hii haina, kwa hiyo lazima bahari ichimbwe, na mto hautaacha kuleta udongo. Ni nani atakayelipia kuchimba upya kila mara? Na tope litakalotolewa litamwagwa wapi, ikiwa makulio ya kamba yako jirani? Mbegani kuna chuo cha uvuvi cha serikali, cha FETA, wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi. Ningependa maswali hayo yaulizwe huko kwanza, mbele ya wavuvi wenyewe, kabla ya kalamu kushikwa tena.