Fort Union: boma lililosimamishwa upya, na kazi isiyo na jengo

Ukiingia lango la Fort Union, mpakani mwa North Dakota na Montana nchini Marekani, utadhani wafanyabiashara wametoka jana tu. Boma la magogo limesimama, nyumba ya mkuu wa kituo ni nyeupe pe, na kwenye duka kuna mablanketi, masufuria na shanga. Ila vyote ni vipya. Kituo chenyewe, cha biashara ya ngozi na wenyeji, kilianzishwa 1828 na kampuni ya American Fur Company, karibu na makutano ya mito Missouri na Yellowstone. Mwaka 1867 jeshi lilikibomoa likachukua mbao zake. Hiki cha leo kilikamilika 1991, kwa sura ya mwaka 1851.

Wanaopinga ujenzi wa namna hii wana hoja nzito. Nguzo mpya huchimbiwa palepale penye mabaki ya kweli. Wanaakiolojia waliwahi kufukua kabla ya mafundi kuanza, lakini ardhi ikishavurugwa hairudi ilivyokuwa. Tena jengo safi huficha uchungu: meli ya mvuke iliyoleta bidhaa mwaka 1837 ilileta na ndui, na Wamandan, wenyeji wa kando ya mto Missouri, karibu waishe.

Hata hivyo, mimi nasimama upande wa waliojenga. Uwanja wa nyasi na matuta haumwambii mgeni kitu. Mbele ya kaunta ya duka lile, sisi wa Afrika Mashariki tunaelewa upesi: shanga za Venice zilizonunua ngozi za nyati huko ndizo zilizobebwa na misafara yetu kwenda bara kutafuta pembe za ndovu.

Kinachonisumbua ni kingine. Kujenga upya hurudisha mali ya kampuni: ukuta, duka, nyumba ya bosi. Ngozi zenyewe zilitengenezwa na wanawake wenyeji wa Kiassiniboine, Kicrow na wengineo, kambini kwao. Mwanamke aliiwamba ngozi, akaikwangua nyama, akaipaka ubongo wa mnyama, kisha akaivuta na kuisugua mpaka ilainike. Ni kazi ya siku kadhaa kwa ngozi moja, na kituo kilisafirisha maelfu kila mwaka. Kazi hiyo haikuacha msingi wa kuujengea juu. Kwa hiyo kikwangulio cha mfupa kinastahili kukaa juu ya kaunta, kando ya shanga, mahali mgeni anapofikia kwanza kwa mkono.